Kompyuta Inayotupeleka Tusikotaka

Jamaa nyingi za mijini zina kompyuta nyumbani siku hizi, hata ikiwa ni moja tu, na hata ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa watu wengine kabla ya kununuliwa. Mama huandika humo hesabu ya biashara yake, watoto husoma humo masomo yao, baba hutafuta humo habari za ulimwengu. Nasi tunayo moja hapa Lubumbashi. Tumeiweka sebuleni, juu ya meza ile ile tunayolia chakula, kwa maana twapenda kila mtu aone mwenzake anafanya nini. Tumeonelea vema kuwaeleza wasomaji wetu habari za ugonjwa mmoja unaozishika mashine hizi, kwa sababu tuliona kwa macho yetu jinsi ulivyokaribia kuvunja amani ya nyumba na masomo ya mtoto.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Unafungua kivinjari, yaani ile programu ya kutembelea kurasa za intaneti, unaandika jina la shule ya mtoto, unabonyeza. Na mahali pa shule unaona mchezo wa kamari. Unarudi nyuma, unajaribu tena. Safari hii waona dawa ya kupunguza unene, au mwanamke asiye na nguo, au kibao chekundu kinachopiga kelele kwamba kompyuta yako ina virusi vitano na kwamba yakupasa upige simu upesi. Ukurasa wa kwanza wa kivinjari umebadilika bila ruhusa yako. Ukitafuta neno, majibu hayatoki tena kwa yule uliyemzoea, bali kwa jina usilolijua. Na mega ulizonunua asubuhi zimekwisha kabla ya saa sita, kwa maana matangazo hayo yote hula mega zako.

Watu wakiona hayo husema mengi. Wengine husema mashine imerogwa. Wengine, nao ndio wengi zaidi, husema: humu ndani mna mtoto anayekwenda mahali pabaya usiku, wazazi wakilala.

Hayo ya pili ndiyo yaliyosemwa kwetu. Dominika moja, mchana, alikuja kututembelea ndugu mkubwa wa upande wa baba, ambaye watoto wetu humwita baba mkubwa. Yeye ni mtu wa heshima, na ndiye anayetusaidia kulipa shule ya kijana wetu wa miaka 15. Aliomba atazame matokeo ya mpira, akaandika jina la Mazembe, akabonyeza. Iliyotokea ni picha ambayo hatutaieleza hapa. Akaita watu wote wa nyumba waje waone. Kijana alikuwa amesimama mlangoni, na ndoo ya maji mkononi.

«Mtoto huyu mnamlea ninyi, au analelewa na mashine?»

«Baba mkubwa, si mimi,» akasema kijana.

«Nyamaza. Mashine haiendi njia isiyoijua. Mimi sitatoa pesa zangu kwa ajili ya mtoto wa namna hii.»

Wasomaji wataona kwamba neno hilo lina sura ya akili. Mbwa hurudi mahali alipopewa mfupa. Kwa nini mashine isifanye vivyo hivyo? Mama wa kijana hakubishana. Alisema tu: «Shemeji, tunakuomba siku nane. Mtoto tumekwisha kumsikia. Sasa tuisikilize na mashine.» Baba mkubwa akakubali, lakini akaondoka bila kumaliza chakula chake.

Siku ya pili yake, watoto wakiwa shuleni, sisi mume na mke tuliketi mbele ya mashine. Tukaandika tena jina la Mazembe. Ikatupeleka kwenye kamari. Tukaandika bei ya unga wa mahindi. Ikatupeleka kwa watu wanaouza mikopo. Hapo tulijua jambo moja: mashine ilipotea hata kijana alipokuwa mbali. Lakini jambo hilo halikutosha. Baba mkubwa angeweza kutujibu ya kwamba kijana ndiye aliyeuleta ugonjwa, na mashine inauendeleza bila yeye. Tukafungua pia orodha ya kurasa zilizokwisha kutembelewa, wala hatukuiamini sana, kwa maana mtoto yeyote wa siku hizi anajua kuifuta. Ilitupasa kujua kitu chenyewe ni kipi, kiliingia lini, na ni nani anayekula faida yake.

Tuanze na hilo la mwisho, kwa kuwa wengi hawalijui, na asiyelijua atawashitaki watu wa nyumba yake bure.

Katika intaneti, mwenye kuuza bidhaa humlipa yule anayemletea watu. Kila mgeni ana bei yake, ndogo sana. Lakini wageni wakiwa maelfu kwa maelfu, bei ndogo huwa mali. Basi wako wajanja wasiopenda kutafuta wageni kwa njia ya haki. Hutengeneza programu inayojificha ndani ya kompyuta ya mtu, imshike mkono kila anapotaka kwenda mahali, impitishe kwanza kwa wanaowalipa. Ile picha aliyoiona baba mkubwa ilichaguliwa na mfanyabiashara aliye mbali, anayefikiri kwamba wanaume wengi wataibonyeza. Haikuchaguliwa kwa ajili ya mtu alichokitafuta jana. Picha ya namna hiyo yaonyesha moyo wa mwuzaji. Juu ya watu wa nyumba haitoi ushuhuda wowote. Hatusemi ya kwamba watoto wetu ni malaika. Twasema tu kwamba ushahidi huu si ushahidi.

Kama mtu anadhani tunatunga maneno, na asikie kesi iliyojulikana ulimwenguni kote. Kila kompyuta katika intaneti ina namba yake, lakini sisi watu twapenda majina. Kwa hiyo tangu 1983, Mmarekani Paul Mockapetris alipoutunga utaratibu uitwao DNS, kuna mashine ambazo kazi yake ni kuulizwa jina na kujibu namba. Wewe waandika jina la gazeti, kompyuta yako yauliza kimyakimya, «Huyu akaa wapi?», nayo yajibiwa, kisha yakupeleka. Sasa fikirini: mtu akiweza kuibadilisha ile mashine inayoulizwa, akaweka yake mahali pake, atakupeleka popote atakapo, nawe utakuwa umeandika jina sawasawa bila kukosea hata herufi moja.

Ndivyo walivyofanya watu fulani wa Estonia. Kuanzia 2007 walieneza programu ambayo ulimwengu ulikuja kuiita DNSChanger. Ilishika kompyuta zipatazo 4,000,000, katika nchi zaidi ya 100. Mtu aliyetafuta ukurasa wa idara ya kodi ya serikali ya Marekani alipelekwa kwa kampuni ya biashara inayowatengenezea watu hati za kodi. Tena programu hiyo ilizizuia kompyuta zisipokee marekebisho ya programu za kujikinga na virusi, kama mwizi anayeanza kwa kumfunga mbwa mdomo. Mwezi wa Novemba 2011 watu sita wa Estonia walikamatwa, na wapelelezi wa Marekani, yaani FBI, wakasema kwamba faida waliyokuwa wameila ilifika dola 14,000,000 kwa uchache.

Kilichofuata ndicho kinachotushangaza zaidi. Mashine za uongo hazikuweza kuzimwa mara moja. Kama zingezimwa siku ile, mamilioni ya watu wasio na hatia wangejikuta hawawezi kufungua ukurasa hata mmoja, kwa maana kompyuta zao zilikuwa hazijui kumwuliza mtu mwingine njia. Ikabidi mahakama iamuru mashine za kweli ziwekwe mahali pa zile za uongo, ziwajibu watu vema mpaka wajiponye. Zilizimwa tarehe 9 Julai 2012. Mkubwa wa wale watu, Vladimir Tsastsin, alihukumiwa katika mji wa New York mwaka 2016, akapewa kifungo cha miaka 7 na miezi 3.

Basi hao mamilioni walikuwa watu wa namna gani? Walimu, wauguzi, akina mama wanaoandikiana barua na watoto wao walio mbali. Na bila shaka katika nyumba nyingi palikuwa na mtu aliyemnyoshea mwenziwe kidole.

Sasa turudi kwenye meza yetu. Kabla ya kugusa chochote, yafaa kujua ugonjwa umekaa chumba gani. Wengi huruka hatua hii, wakahangaika siku tatu mahali ambapo hapana kitu. Njia yake ni rahisi, wala haidai pesa. Kompyuta nyingi zina vivinjari viwili; yetu ilikuwa na Chrome, ambacho sote tulikitumia, na Edge, kilichokuja pamoja na Windows na ambacho hakuna aliyekigusa. Tukaandika maneno yale yale katika vyote viwili. Kisha tukaandika maneno hayo katika simu iliyounganishwa na kisanduku kile kile cha intaneti kinachotumiwa na kompyuta.

Kama kivinjari kimoja tu kinapotea, ugonjwa umo ndani ya kivinjari hicho. Kama vyote viwili vinapotea lakini simu inakwenda sawa, ugonjwa umo ndani ya kompyuta yenyewe. Na kama simu nayo inapotea, msiisumbue kompyuta. Tazameni kile kisanduku. Kwetu, Chrome ilipotea, Edge ilikwenda sawa, simu ilikwenda sawa. Eneo la kutafuta likawa dogo mara moja.

Ndani ya kivinjari, wa kwanza kushukiwa ni viendelezi. Hivyo ni vipande vidogo vya programu vinavyopachikwa juu ya kivinjari ili kukiongezea kazi: kutafsiri, kubadili hati, kuzuia matangazo. Vingi ni vyema. Lakini kiendelezi kilichopewa ruhusa ya kusoma na kubadili kurasa zote kinaweza kuona kila uandikacho na kukugeuza njia kila mara. Tena, kiendelezi kilichokuwa chema jana kinaweza kuuzwa leo kwa mtu mwingine, na huyo akakigeuza kuwa kibaya bila kukuuliza. Tulifungua orodha yake tukaviona vitatu. Viwili tulivijua. Cha tatu kilijiita msaidizi wa kutafuta, na hakuna aliyekumbuka kukiita.

Tulitaka kukiondoa, kumbe kitufe cha kukiondolea hakikukubali kubonyezwa. Na chini kabisa ya menyu ya kivinjari yaliandikwa maneno haya: «Géré par votre organisation». Kompyuta zetu hapa Kongo husema Kifaransa, na kwa siku hiyo Kifaransa chake kilituchekesha, kwa maana maana yake ni kwamba kivinjari kinatawaliwa na shirika letu. Shirika gani? Baba, mama, watoto wanne na kuku. Katika ofisi kubwa maneno hayo ni ya haki, kwa kuwa wakubwa wa kazi huweka amri ambazo wafanyakazi hawawezi kuzigeuza. Nyumbani, mara nyingi ni dalili ya kwamba programu fulani imejifanya mkubwa wa kazi na kuandika amri zake ndani ya Windows. (Programu nyingine halali za kukinga virusi nazo huleta maneno hayo, kwa hiyo dalili hii peke yake haitoshi kuhukumu.) Ukiandika chrome://policy mahali pa anwani, utaziona amri zenyewe. Yetu ilikuwa moja tu: kiendelezi kile kiwekwe kwa nguvu.

Ndipo tulipokwenda kwenye mipangilio ya Windows, kwenye orodha ya programu zilizowekwa, tukaipanga kwa tarehe. Huko, siku moja, palikuwa na programu mbili. Moja ilikuwa ya kutazama video, ya bure. Ya pili ilikuwa na jina lisilo na maana katika lugha yoyote tunayoijua. Yalikuwa yameingia pamoja, mgeni na kupe wake. Ndivyo ilivyo desturi ya vitu hivi: mtu anatafuta programu ya bure, anaichukua mahali pasipo pa mwenye nayo, kisha anabonyeza «Suivant», «Suivant», «J'accepte», bila kusoma, na kati ya ukurasa wa pili na wa tatu palikuwa na kisanduku kidogo kilichokwisha kutiwa alama, kikisema kwamba akubali na programu nyingine pia.

Tarehe ilikuwa 28 Desemba. Mama aliisoma mara mbili, akainuka, akaleta daftari lake la matumizi. Tangu tarehe 26 Desemba mpaka tarehe 4 Januari watoto wote wanne walikuwa Likasi kwa bibi yao. Nauli yao imeandikwa hapo, kwenda na kurudi. Katika siku zile nyumba ilikuwa na watu wazima tu, na wageni wa sikukuu, nao waliketi mbele ya mashine kwa zamu.

Hatukuuliza zaidi ya hapo. Tuliiandika tarehe kwenye karatasi tukaiweka.

Kuondoa ilikuwa kazi ya jioni mbili. Kwanza tuliziondoa programu zile mbili. Kisha, kwa simu, kwa sababu hatukuiamini kompyuta itufikishe mahali pa kweli, tuliichukua AdwCleaner katika ukurasa wa wenyewe. Hiyo ni programu ndogo ya bure iliyotengenezwa kwa kazi hii, na tangu 2016 ni mali ya kampuni ya Malwarebytes. Tuliihamisha kwa waya, tukaiacha ipekue. Iliona amri ile na vipande vingine, ikavifuta, ikawasha mashine upya. Sasa kiendelezi kilikubali kuondoka. Tukarudisha mipangilio yote ya kivinjari kuwa kama ilivyokuwa mwanzo, jambo ambalo halifuti maneno ya siri wala kurasa ulizojiwekea alama. Tukatazama pia ruhusa za arifa, yaani kurasa ambazo ziliwahi kuuliza kama zaweza kutuletea habari, na mtu akazijibu ndiyo ili zimwondokee. Zilikuwa kumi na moja. Nyingi ya zile picha za ghafla, hasa zinazojitokeza pembeni mwa kioo hata kivinjari kikiwa kimefungwa, hutoka kwenye ruhusa hizo, na kuziondoa ni kazi ya dakika mbili.

Siku ya tatu kiendelezi kilirudi.

Hapa watu wengi hukata tamaa, wakampelekea fundi. Nasi tulimwuliza fundi mmoja wa karibu na soko. Alitaka dola 15 ili afute kila kitu na kuweka Windows upya, na picha za marehemu bibi zingekwenda pamoja na ugonjwa. Tukamshukuru. Kitu kinachorudi kinarudishwa na kitu, ndivyo tulivyowaza. Windows ina mahali panapoitwa «Planificateur de tâches», ambapo hupangwa kazi za kufanywa kwa saa zake bila mtu kuamuru. Tulikuta humo kazi moja, yenye jina la herufi na tarakimu zilizochanganywa, iliyoamriwa kila siku saa sita mchana kuamsha faili iliyobaki ndani ya folda ya programu tuliyokwisha kuiondoa. Tuliifuta kazi, tukaifuta faili, tukarudia kusafisha. Tangu hapo hakijarudi tena. Wengine hurudishiwa kwa mlango mwingine: wameunganisha kivinjari na akaunti yao, na akaunti hiyo yawaletea tena viendelezi na mipangilio mibaya kutoka kompyuta nyingine ya ofisini. Hao yawapasa wasimamishe kwanza muungano huo, wasafishe pande zote, ndipo waunganishe tena.

Ambao vivinjari vyao vyote vinapotea, watazame mahali patatu. Kwanza, katika mipangilio ya mtandao, kama kuna seva ya proksi iliyowekwa. Nyumbani kwa kawaida haimo. Pili, namba za DNS. Zikiwa zimeandikwa kwa mkono na hakuna mtu wa nyumba aliyeziandika, zirudishwe zijipatie zenyewe. Tatu, faili ndogo iitwayo hosts, inayokaa ndani ya Windows, kisha System32, kisha drivers, kisha etc. Ni daftari la majina na namba ambalo kompyuta hulisoma kabla ya kumwuliza mtu mwingine. Mistari inayoanza na alama # ni maelezo tu. Mkiona humo mstari usio na alama hiyo, wenye jina la mtafutaji mkubwa au la benki, hapo mmemkamata mwizi. Tusisahau na picha ndogo ya kivinjari iliyo juu ya kioo: bonyezeni kwa kitufe cha kulia, mtazame sifa zake, mahali palipoandikwa «Cible». Baada ya jina la programu pasiwe na anwani ya ukurasa wowote.

Na ambao simu pia inapotea, waingie katika kile kisanduku cha intaneti, wabadili neno lake la siri lililotoka kiwandani, kisha wazitazame namba zake za DNS. Hata wale wa DNSChanger walikuwa wakivijaribu visanduku vya namna hiyo kwa maneno ya siri ya kiwandani, na visanduku vingi viliwafungukia.

Tulipomaliza kusafisha, na si kabla, tulibadili maneno ya siri: kwanza la barua pepe, kwa sababu mwenye kulishika hilo hufungua mengine yote, kisha ya mahali pote panapohusu pesa. Kulibadili neno la siri ndani ya mashine ambayo bado ni gonjwa ni sawa na kumnong'onezea mwizi. Wala hatukuipiga ile namba ya simu ya kibao chekundu. Anayeipiga hukuta mtu mwenye sauti ya upole sana, ambaye baadaye humwomba amruhusu aingie ndani ya kompyuta yake, na baadaye tena humwomba pesa.

Siku ya nane baba mkubwa alikuja kama alivyoahidi. Baba wa kijana alimchukua uani, chini ya mwembe, wakiwa wawili peke yao, kwa maana si adabu kumwonyesha mkubwa jambo la namna hii mbele ya watoto. Akampa ile karatasi ya tarehe na daftari la nauli. Mzee alivaa miwani, akasoma, akanyamaza kitambo. Akauliza, «Tarehe 28 ni siku ile tulipotafuta filamu ya kutazama?» Baba akajibu kwamba siku zile watu wengi walikuwapo, na kwamba mashine haiandiki jina la mtu. Wakakaa. Kisha mzee akaomba chai. Alipoingia ndani alimwita kijana, akamwuliza amefika wapi katika hesabu, akamsikiliza mpaka mwisho, ingawa hesabu zile hazijui hata kidogo. Pesa za shule zilifika siku ya posho.

Yako mambo mawili yaliyobaki. Windows 10, iliyo katika kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu zikiwa zimekwisha kutumika, ilikoma kupata marekebisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Anayetaka kununua mashine ya namna hiyo aulize kwanza kama inaweza kupokea Windows 11, kwa maana nyingine hazina nguvu ya kuipokea. La pili ni la akaunti. Zamani sote tuliingia kwa akaunti moja yenye amri zote, na kila aliyebonyeza «J'accepte» alikubali kwa niaba ya jamaa nzima. Sasa akaunti yenye amri ni moja, na neno lake la siri tunalo sisi wawili. Kila mtu mwingine ana akaunti ndogo, ambayo programu ikitaka kujiweka kwa kompyuta nzima husimama na kuomba neno hilo. Kijana ana yake, dada zake wana zao. Hata baba mkubwa ana yake, kwa ajili ya matokeo ya mpira. Neno lake la siri alilichagua mwenyewe, akiwa ametugeuzia mgongo, nasi hatulijui.